Kupanda Kwenda Yerusalemu, Kupitia Tengeru

Niliondoka Sombetini Jumamosi asubuhi kwa sababu moja: kumwambia dada yangu Neema kwamba kesho yake sitasimama kuwa msimamizi wa ubatizo wa mwanawe. Ningeweza kupiga simu, lakini simu haitandazi ramani. Nilikuwa na ramani ya Palestina ya kale, nimeichapisha kwa rangi, na kosa la waandishi wa Injili nimelizungushia kalamu nyekundu. Wanasema watu walitoka Galilaya wakapanda kwenda Yerusalemu. Ramani inaonyesha Galilaya iko juu, Yerusalemu chini. Watu wasiojua juu na chini, halafu mimi niahidi kumfundisha mtoto maneno yao?

Saa tatu, Tengeru. Dereva wa bodaboda akauliza naelekea wapi.

"Kaskazini."

"Kaskazini kwa nani?"

Nikamtajia shemeji yangu.

"Si useme unapanda, kaka!"

Saa nne nilifika kwa Neema, kwenye mteremko wa mlima, katikati ya migomba na kahawa. Mama mkwe wake na jirani mmoja walikuwa wanamenya ndizi za sherehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe msimamizi?"

Badala ya kujibu, nikatandaza ramani juu ya gunia na kuhutubia dakika ishirini. Neema alimpakata mtoto, macho yamemjaa machozi.

Mama mkwe akafuta utomvu mikononi. "Kutoka hapa, kupanda mlimani ni kwenda upande gani?"

"Kaskazini."

"Mimi nimezaliwa Ngarenanyuki, nyuma ya mlima. Kule tukipanda tunaelekea wapi?"

Nikafikiri. "Kusini."

"Kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa tunashuka?"

Jirani akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Mama mkwe hakucheka. "Na huo mji wako, uko milimani au bondeni?"

Uko milimani. Ramani yangu haikuwa na milima. Niliichagua kwa sababu ilikuwa safi.

"Umesoma digrii ya jiografia, baba?" jirani akauliza.

"Sosholojia," nikasema, kana kwamba hiyo inapunguza aibu.

Neema akajipangusa macho. "Kwa hiyo kesho unasimama, husimami?"

"Nina hoja nyingine."

"Zina ramani?"

"Hazina."

"Basi kaa umenye ndizi."

Jumapili nilisimama. Mchungaji alipouliza kama nitasaidia kumlea mtoto, nilijibu kwa sauti, na nilimaanisha. Kwenye kukiri imani nilitamka vipande nilivyoviweza. Kila nilichoruka, Neema alinikanyaga.

Jioni nikashuka mjini. Nimejifunza kwamba karatasi haipandi mlima, na anayetaka kumsahihisha mtu aliyekwenda kwa miguu aulize kwanza magoti yake yalisemaje. Mashaka yangu mengine yako palepale. Tofauti ni kwamba sasa kuna mtoto atakayekuja kuniuliza maswali yaleyale, na nimeshaahidi mbele ya kanisa zima kwamba nitamjibu.