Walinzi wa Mafiga Yangu

Miaka minne nilipikia kwenye mafiga ya mama mkwe. Watoto wawili nimezaa pale kijijini Samuye, na chumvi bado naomba. Mume alinijengea kibanda upande wa pili wa ua, lakini kila nikipanga mafiga yangu, nikirudi kisimani siyakuti. Wifi keshayabeba kugandamizia mkeka wa kuanikia michembe ya viazi. Mama mkwe alisema mke mwenye jiko lake hasikii tena akiitwa.

Wakati wa vita vikuu vya pili mume wangu alikuwa askari wa Mwingereza huko Palestina. Siku moja karudi kutoka Isaka amechangamka: redio ya dukani imesema askari wa mataifa mengi wamepelekwa kule kule, upande wa Gaza, wasimame katikati watu wasiuane. Akakata fimbo, akasimama katikati ya ua wetu. Mama yake akamtuma kuni, akaenda. Aliporudi, mafiga hayapo. Nikamwambia mtoto wa upande mmoja hawezi kuwa mlinzi.

Ndipo akaita majirani watatu wa nyumba tatu tofauti wasimame katikati, kila mmoja na fimbo yake, mmoja wao Msumbwa, mtu wa mzaha. Kelele za ugomvi zikaisha kweli. Mama mkwe akawapa maziwa mgando ili wampendelee. Nami nikawapa karanga kwa nia hiyo hiyo. Siku ya nne yule Msumbwa akaja na mkeka wake wa kulalia. Mafiga yangu sikuwa nimeyapanga bado. Nilikuwa nafurahia utulivu kama mjinga.

Nikamuuliza mume, "Hao wa Palestina mliowalinda, mlipoondoka mliwaacha na kwao?"

Akakuna kichwa. "Tuliondoka tu, mama watoto. Nyuma yetu wakapigana."

"Basi mlilinda nini? Ulinzi ni wa kumpa mtu nafasi ajenge."

Nikawaendea walinzi, nikawaambia watasimama hadi nipike vyungu vitatu, kisha kila mtu kwake. Msumbwa akauliza kama mlinzi hawezi kubaki kidogo kwa ajili ya karanga. Nikamjibu mlinzi asiyeondoka ni mkwe mwingine, na mmoja ananitosha. Walicheka mpaka wifi akachungulia.

Safari hii mafiga niliyashindilia kwa udongo wa kichuguu. Wifi alikuja, akaziangalia zile fimbo, akapita. Chungu cha tatu kilipoiva, walinzi walikwenda zao wanalamba vidole.

Mpaka leo nikisikia habari za walinzi wa Palestina, nauliza jambo moja tu: wenyewe wameshajenga jiko lao, au wanalindwa tu?

Asubuhi ya pili baada ya walinzi kuondoka, mama mkwe alikuja. Zamani aliingia kibandani kwangu kama anaingia ghalani mwake. Siku hiyo alisimama mlangoni, akakohoa.

"Hodi humu."

"Karibu, mayu. Shikamoo."

Akaitikia marahaba, akasema moto wake umezimika, nimgawie kaa la moto. Nikampa mawili makubwa. Nyuma yake niliuona moshi wa jiko lake unapanda juu, mnene. Nikamsogezea kigoda.