Fundi saa anayeogopa kuziacha ndoto zake

Saa moja na robo asubuhi, na saa kumi na tisa zilizotundikwa ukutani zinakubaliana kwa shida. Moja imetangulia dakika mbili, nyingine inajikokota nyuma ya zote. Chini ya saa hizo ameketi mzee mwembamba aliyepandisha mikono ya shati hadi mabegani. Anabandua plasta ya jana, anabandika mpya upande wa pili, anaikandamiza kwa kiganja na kuhesabu polepole mpaka kumi.

Kisha anainuka na kufungua dirisha. Hewa ya asubuhi inaingia, vumbi linacheza kwenye mwanga juu ya meza ya kazi, na yeye anasimama hapo kitambo akilitazama, mithili ya mtu aliyeamka lakini hajarudi sawasawa.

Mtaa mzima unamwita Dakika. Jina hilo amelipata kwa haki. Ukimpelekea saa na kumuuliza itakuwa tayari lini, jibu ni lile lile, “Dakika tu,” nawe unarudi baada ya wiki mbili na kukuta hajaigusa. Kila saa inayoingia hapa inafungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, kasoro yake na tarehe ya kuichukua. Kwa miaka arobaini nafasi ya tarehe imebaki tupu.

Ana umri wa miaka sitini na mitatu. Siku nzuri hupata kazi sita, na nne kati ya hizo ni kubadilisha betri na mikanda. Saa za ufunguo zisizotumia betri, zile anazoziita saa zenye roho, zimekuwa adimu. Ikija moja, uso wake wote unabadilika.

Plasta ile begani ina nikotini. Aliibandika ya kwanza miezi saba iliyopita, baada ya miaka arobaini na minne ya kuvuta sigara, pakiti moja na nusu kwa siku.

Alianza akiwa mwanagenzi wa miaka kumi na tisa. Mwalimu wake alikuwa na namna yake ya kupima kazi: kusafisha saa ya mkononi ni sigara mbili, ya ukutani ni nne. Dakika aliurithi ufundi pamoja na kipimo. “Sigara ya nne ikiisha na saa haijaisha, unafanyaje? Unawasha ya tano,” anasema, na kicheko chake kinaishia kwenye kikohozi.

Hataki kusema sigara haikumsaidia kitu. Ndani ya saa ya mkononi kuna springi nyembamba kama unywele, na kuirudisha mahali pake kwa kibano ni kazi inayomtoa fundi jasho. Dakika aliamini kwamba bila kuvuta kwanza, mkono wake ungetetemeka.

Muuguzi anayemhudumia katika kliniki ya kifua, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, hambishii moja kwa moja. Anasema nikotini kweli huweza kumwongezea mtu umakini kwa muda mfupi. Ila mvutaji wa siku nyingi, anaeleza, mara nyingi hutulia kwa sababu ameituliza hamu ambayo sigara yenyewe ilimletea. Kwa maneno mengine, mzee alikuwa akilipia dawa ya ugonjwa uliokuwa ndani ya pakiti ile ile.

Kifua ndicho kilichomkamata. Anaishi ghorofa ya pili, ngazi thelathini na mbili, na ilifika mahali akawa anapumzika mara tatu njiani, akijifanya anatafuta funguo mfukoni. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake na kumwambia kwamba yaliyoharibika hayarudi, lakini yaliyobaki bado yanaweza kuokolewa.

Washauri hawakukosekana. Dada yake mkubwa, mnusaji ugoro wa siku nyingi, alimwambia ahamie huko kwa kuwa hauna moshi. Jirani yake fundi simu alimpa avute kifaa chake cha mvuke chenye harufu ya maembe. Dakika alivuta mara moja, akasema ni kama kufukizwa na mwuza juisi.

Alipoyapeleka yote hayo kliniki, muuguzi aliyachambua bila papara. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, ni kweli, lakini vinaweza kuharibu fizi na kuleta saratani, ya kinywa hasa. Mvuke una sumu chache kuliko moshi wa sigara, na wapo walioutumia kuacha kuvuta, lakini si hewa safi, madhara yake ya miaka mingi bado hayajafahamika vyema, na asiyevuta hana sababu ya kuuonja. Plasta za nikotini na bazoka zake za kutafuna hazina moshi wala tumbaku, ndiyo maana hutumika kama ngazi ya kushukia. “Nikotini ndiyo inayokufunga, baba,” alimwambia. “Moshi ndio unaokumaliza. Tutakutoa kwenye moshi kwanza, kisha tutafungua kamba.”

Mwanzoni Dakika aliharibu mambo kwa namna ambayo fundi saa pekee angeweza. Hakumsikiliza muuguzi hadi mwisho, akaibandika plasta kwenye kifundo cha mkono, juu ya mshipa, na kuvaa saa yake juu yake. Alifikiri kama mapigo ndipo yalipo, basi dawa nayo ikae hapo. Wiki nzima alijikuna, ngozi ikatoka duara jekundu lenye ukubwa wa saa. Muuguzi alicheka mpaka akaketi. Kisha akamwonyesha bega, na kumwambia abadilishe upande kila siku.

Usiku wa tatu baada ya hapo, mke wake alikuja.

Alikuwa amefariki miaka minne kabla, kwa ugonjwa wa moyo. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja maishani mwake. Dakika alivuta mezani, kitandani, na hapa kazini ambako mkewe alikuwa akija kila alasiri kukaa naye. Alimuuliza daktari kama moshi wake ndio uliomuua mkewe. Daktari alimjibu kwamba moshi wa mtu mwingine huweza kuudhuru moyo, ila kwa mgonjwa mmoja hakuna anayeweza kuapa. Jibu hilo amelibeba tangu siku ile, na ni zito.

Tangu msiba hakuwahi kumwota. Alilala akitamani, akaamka mikono mitupu. Sasa ghafla, ndotoni, mkewe akaingia hapa kazini mchana kweupe, na kitambaa chake cha kijani kichwani, akapita nyuma ya meza bila salamu. Akasema neno lile lile alilolisema kila siku ya ndoa yao: “Fungua dirisha, utaniua na moshi wako.”

“Niliona mpaka uzi uliochomoka kwenye kitambaa chake,” Dakika anasema, na vidole vyake vinaubana uzi ambao haupo. “Nilisikia harufu ya sabuni yake. Niliamka nikiwa nacheka. Unaelewa? Kuambiwa ufungue dirisha, na unacheka.”

Muuguzi alimweleza kwamba ndoto zilizo wazi namna hiyo zinajulikana kwa wanaolala na plasta ya nikotini. Zikimsumbua, aibandue kabla ya kulala. Mzee aliitikia kwa kichwa, na usiku ule akaibandika vizuri zaidi.

Alianza na plasta kubwa, akashuka kwenye ya kati. Matibabu yote yalipaswa kwisha katika wiki kumi hivi. Yeye yuko mwezi wa saba, bado na ya kati. Kila alipofika kliniki alisema hamu inamtesa. Haikuwa kweli. Sigara ilikuwa imemtoka rohoni tangu mwezi wa tatu.

“Nilikuwa nadanganya kama mtoto,” anakiri. “Nilihisi nikishuka kwenye ile ndogo, nitakuwa nimemzika mara ya pili.”

Kilichomuumbua ni springi. Wiki iliyopita, siku ya Jumatatu, mteja alimletea saa ya ufunguo. Dakika aliinama juu yake asubuhi yote, akaipachika springi kwa mkupuo mmoja, akaisikiliza ikiamka. Alipokwenda kunawa adhuhuri, aligundua begani hana kitu. Plasta mpya ilikuwa mezani, ndani ya pakiti yake. Nusu siku mkono wake ulikuwa umefanya kazi bila msaada wowote, na haukutetemeka.

Alikwenda kliniki jioni ile ile na kusema ukweli wote. Muuguzi hakumkaripia. Alimwambia kwamba plasta ni afadhali mara mia kuliko kurudi kwenye moshi, na kama anaihitaji, asione aibu. Lakini nikotini nayo huuharakisha moyo, na moyo wake si wa kijana. Kisha akamuuliza swali moja ambalo mzee analirudia kwa sauti ya chini: anaitumia plasta kwa ajili ya sigara, au kwa ajili ya mkewe?

Dakika anavuta droo ya mwisho na kutoa saa ndogo ya kike, ya ufunguo, mkanda wake umekauka. Anaifungua kifuniko kwa ncha ya kisu. Mafundi wa saa wana desturi ya kuchora alama ndogo na tarehe ndani ya kifuniko, mahali asipopaona mwenye saa, ili fundi atakayefuata ajue nani alipita. Alama ya Dakika ni pembetatu. Hapa ziko tatu. Ya kwanza ni ya miaka thelathini na mitano iliyopita, siku msichana asiyemjua alipoingia na saa iliyosimama.

Saa hiyo ilisimama tena miezi michache kabla mkewe hajafariki. Alimwomba mumewe aitazame. “Nikamwambia dakika tu,” anasema Dakika. Anaufuta vumbi mkanda wa saa kwa kidole gumba.

Jumatatu ijayo anaanza plasta ndogo, za wiki mbili. Baada ya hapo, basi. Siku ya kwanza isiyo na plasta ndiyo anayotaka kuitumia kwa saa hii, kwa mkono mtupu, na kuchora pembetatu ya nne.

Na mkewe asipokuja tena?

Anatazama dirisha alilolifungua asubuhi. Anasema mara ya mwisho alipomwota, wiki hii, mkewe aliingia, akaliangalia dirisha, akakuta liko wazi. Safari hii hakulalamikia moshi. Alivuta kiti chake akakaa.

“Ningependa aje,” anasema. “Nisikudanganye, ningependa sana. Lakini sasa ngazi zangu napumzika mara moja tu, na hewa humu ndani inavutika. Ndicho alichokuwa anakiomba.”

Anachukua kikaratasi na kukifunga kwenye saa ile kwa uzi. Kwenye nafasi ya jina anaandika: Mke wangu. Kwenye kasoro: Imechelewa. Kalamu inafika kwenye nafasi ya tarehe na kusimama. Mzee anageuka kutazama kalenda iliyo nyuma yake, anahesabu siku kwa kidole, anarudia kuhakikisha, kisha anaandika tarehe.