Puli Ndogo ya Gari la Erasto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikichoka namna hii haikubali kunitoka. Mabega yananiuma, macho nayo hayasomi tena alama ndogo za kipimo, lakini siku ile naiona yote. Keti kidogo. Nimekusikia asubuhi ukimwahidi mtu gari lake kesho, na hujajua bado linaumwa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi katika gereji ya Mzee Zakaria, Biharamulo mjini. Mzee alikuwa Mhangaza wa Ngara, mtu wa maneno machache, ufundi wake alijifunzia kwenye malori ya misheni. Mimi nilikuwa na mikono myepesi na sifa nyingi. Sifa kwa kijana ni pombe, mwanangu. Mimi nilikuwa nimelewa.

Basi akatujia Erasto, kijana wa Ngara vilevile. Alikuwa ameendesha malori ya chakula kwenda kambi ya wakimbizi Lukole, na alichokipata huko akakinunulia gari dogo la mbio, la Kijapani, lenye supachaja. Hiyo ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingejivutia yenyewe. Gari linapata nguvu, lakini linapata na joto. Erasto alikuwa akilipeleka kwenye uwanja wa mbio kule Uganda, na kila alipokwenda lilirudi limepakiwa kwenye lori. Mara beringi zimeungua, mara gasketi imepasuka.

"Sitafuti ushindi, mzee," alisema. "Nataka nimalize mbio hata mara moja."

Tuliishusha ile injini tukaifungua yote, na masika yakatukuta na kutuacha tukiwa nayo. Mzee alipima kila ringi ya pistoni ndani ya silinda yake, moja baada ya moja, akaongeza nafasi kati ya ncha zake. "Chuma kikipata moto hutanuka," aliniambia. "Usipokiachia nafasi, kitajitafutia." Akaweka rejeta kubwa zaidi. Akatengeneza sampu, lile karai la chini ya injini, ya kubeba oili nyingi, isikimbilie upande mmoja kwenye kona. Mwisho akaitoa puli ndogo, kigurudumu cha kupitishia mkanda, iliyokuwa kwenye supachaja, iliyoizungusha mbio kupita kiasi, akafunga ile kubwa ya kiwandani. Nilipohema kwa uchovu alinijibu kwa Kihangaza, "Buhoro buhoro ni rwo rugendo," yaani polepole ndiyo safari.

Siku chache kabla ya mbio Mzee akaenda Ngara kumzika dada yake. Erasto akalijaribu gari, akarudi uso umekunjamana.

"Limekuwa zito, Patrisi. Nirudishie ile puli ndogo."

"Mzee ameikataa."

"Mzee hayupo. Wewe si fundi?"

Neno hilo lilinitosha. Niliibadilisha mchana uleule, kazi isiyofika hata saa mbili. Usiniulize kama nilijua. Nilijua. Nilijua hewa ikizidi na mafuta yasipozidi, pistoni zitapikika. Nilitaka tu nionekane.

Mzee Zakaria alitukuta uwanjani. Alikuja kwa basi moja kwa moja kutoka msibani, nguo zake zimejaa vumbi, na magari yalikuwa yameshajipanga. Mizunguko mitatu ya kwanza Erasto aliwapita watu. Nilikuwa nashangilia. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Hiyo si sauti niliyoiacha," akasema.

Akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Mzunguko wa tano injini ilijifunga katikati ya kona. Magurudumu yakakataa kuzunguka, gari likateleza ubavu, likapiga tuta la udongo. Tulipofika Erasto alikuwa anamwita mama yake. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mara mbili. Watu walipokuwa wanamtoa, nilimwona Mzee akichungulia kwenye boneti iliyofumuka. Aliiona puli.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakuniambia kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mwenzako.

Baadaye Erasto alihamishiwa hospitali ya karibu na kwao, Ngara. Tukaenda kumwona. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Mzee Zakaria, na uzee wake wote, akapiga goti mbele ya yule mama. "Nisamehe. Injini ilitoka mikononi mwangu." Mama akanigeuzia macho mimi. Nami nilisimama pale, nikanyamaza kama mwizi.

Nje, Mzee alijishika kwenye nguzo ya kibaraza.

"Nimebeba injini miaka yote, Patrisi. Leo nimebeba kosa nisilolitenda, na sina nguvu ya kulibeba hadi Biharamulo. Lako hilo. Lichukue."

Nilirudi ndani peke yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mzee hakukosa. Ni mimi. Nilibadilisha puli akiwa msibani."

"Erasto ameshaniambia tangu jana," akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama nawe una mdomo."

Erasto aligeukia ukutani. "Mimi ndiye niliyemwomba, mama."

"Lakini spana ilikuwa mkononi mwangu," nikasema. Nikalia, mwanangu, mtu mzima nikalia mbele ya wagonjwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tuliijenga tena injini ile, karibu mwaka mzima, safari hii Mzee ameketi kwenye kiti na mimi nikipima, nikimsomea kila kipimo kwa sauti. Puli kubwa niliifunga Erasto akishuhudia. Alipokimbia tena, karibu kila mtu alimpita. Lakini alimaliza mizunguko yote, akaingia na gari linalonguruma vizuri, akazima, akabaki ameushika usukani kwa mikono miwili. Mzee aliweka kiganja juu ya boneti. "Joto lake ni la haki," akasema. Akapanda lori letu akalala njia nzima. Alikuwa amechoka. Sasa naujua uchovu ule.

Mguu wa Erasto haujanyooka hadi leo. Hunitembelea, tunacheka, lakini akisimama kuondoka mimi hutazama pembeni.

Nasaha yangu basi ni hii. Anayekuletea chombo chake amekuletea na shingo yake, hata kama mwenyewe amesahau. Akikuomba umdhuru, mkatalie, na akuite mwoga. Mkubwa wako akiwa hayupo, fanya kazi kama yupo. Na ukikosa, maana utakosa, wahi kusema kabla mwingine hajapiga goti kwa ajili yako. Sasa nyanyuka, umpigie simu yule mtu, umwambie kesho haiwezekani.

Mungu akupe mikono mitulivu na usingizi usio na deni la moyo. Wanaoondoka kwako wafike kwao, na wazazi wao wakutaje kwa heri.