Barua ya Mkata Mkonge

Juzi nilikuwa nasubiri muhuri kwenye ofisi moja ya serikali hapa Kilosa. Mbele yangu mzee mkata mkonge wa Kimamba alimpa karani barua ya mwajiri wake, Kiingereza kitupu. Karani alikwama kwenye neno “discharge”, akafungua kamusi.

“Mzee, ni kuruhusiwa hospitali. Au kushusha shehena. Au kufyatua bunduki. Pia usaha. Au kuachishwa kazi.”

Kila maana mzee aliiitikia kwa kichwa, kama mgeni rasmi anayesomewa risala.

“Funga kitabu, mwanangu. Maana niliijua waliponinyang’anya kisu cha mkonge.”

“Sasa umefuata nini, mzee?”

“Kuuliza. Uhuru tumeshapata, mbona nafukuzwa kwa Kiingereza?”

Karani alirudi kwenye kamusi. Nilipoondoka na muhuri wangu, alikuwa bado anafunua kurasa.