Siku Niliyomlilia Mwandishi Langoni

Haya, chekeni mapema mmalize, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya sitini na haijapungua uzito hata kidogo.

Nilikuwa mwalimu kijana huko Sigalame, uhuru bado mbichi, siku zile tamu ambapo ulivuka mpaka kununua ndizi Uganda na hakuna aliyekuuliza unaenda wapi. Watoto wangu wa darasani walijifunza kusoma kwa hadithi za mwandishi mmoja wa upande wa Malaba, kwa Wateso, marehemu wa siku nyingi, na mjane wake aliitunza nyumba vilevile alivyoiacha: meza dirishani, taipureta, koti la mvua kwenye msumari. Nilitaka ruhusa ya kuwaleta watoto waione (na mdomo wangu huu ulikuwa umeshawaahidi!).

Basi nikapanda baiskeli, nikafika langoni, nikajiuliza: naingiaje? Kwetu Samia, ukifika mara ya kwanza kwa marehemu ambaye hukumzika, huingii kimya kama mwizi wa kuku. Unalia. Nikaona heshima haidhuru, nikaitupa baiskeli, nikashika kichwa, nikaachilia sauti yangu ya kwaya: “Uuuwi! Umetuacha na nani!”

Wanawake waliokuwa wakipalilia shamba la wimbi ng'ambo ya njia wakatupa majembe wakaja mbio wakilia, nami nikasema moyoni, ama kweli Wateso wana utu, wamekuja kunisaidia! Nikaongeza sauti. Wanaume nao wakaingia ndani, wakaanza kutoa vitu nje, koti, taipureta, mpaka ile meza ambayo haikuwahi kusogezwa.

“Toeni yote! Mwili utalala wapi?” mmoja akasema.

Machozi yakanikauka. “Mzee, mwili wa nani?”

“Si ni wewe umeleta habari, kijana? Mama wa hapa! Si alikuwa anakohoa wiki yote?”

Kumbe mama aliamkia dispensari, na mgeni wa baiskeli anayelia langoni, angekuwa ameleta habari gani nyingine? Kabla sijapata pa kujificha, mwenyewe huyo akaingia na chupa ya dawa mkononi. Kelele zikakatika. Amoit peke yake, jirani aliyekuwa hasalimiani naye kwa sababu ya mbuzi waliokula mihogo, alibaki akigaagaa mavumbini.

“Amoit, kumbe ni mimi unalilia hivyo?”

Amoit akainua kichwa. “Nyamaza wewe. Tumechoka kukulilia!”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mama alikuwa anaiangalia meza ya mumewe uani, kuku keshapanda juu, na nilijua safari ya watoto imekufa. Nikaeleza kila kitu, mpaka mila yetu. Akamfukuza kuku, akaipangusa meza kwa kanga.

“Wageni wanakuja wanaangalia koti, wanaangalia taipureta, wanaenda,” akasema polepole. “Tangu tumzike, hakuna mtu amemlilia.”

Akalia, na mimi nikalia tena, safari hii kimya kimya. Kisha yeye na Amoit wakaibeba meza kuirudisha ndani, mmoja huku mmoja kule, wakigombana jinsi ya kuipitisha mlangoni.

“Lete hao watoto, mwalimu,” akaniita kutoka ndani. “Lakini wewe ukifika hapo langoni, piga kengele ya baiskeli tu.”

Niliwaleta, na nikaipiga. Na mpaka leo, mila au si mila, silii kwa mtu kabla sijauliza mwenye nyumba yuko wapi.