Kizibo na Friji ya Chumbani

Hotelini walimwita Kizibo, na jina lilitokana na mifuko yake. Miaka yote aliyohudumu mezani, kila alipofungua chupa ya mvinyo alikitia kizibo mfukoni ili meza ibaki safi, kisha akasahau kukitoa. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyezifua suruali zile, alivikuta vizibo vikielea kwenye beseni kama vifaranga vya bata.

Alikuwa mhudumu wa kweli. Angeweza kupita katikati ya meza zilizojaa akiwa na trei juu ya kiganja, asimguse mtu wala asiitazame trei yenyewe. Jambo moja tu lilimshinda: kukaa. Mtu aliyezoea kusimama nyuma ya viti vya wenzake hukaa kitini kama aliyekalia misumari. Hata nyumbani alikula amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa begani, macho yakizunguka kuona ni nani amepungukiwa maji.

Siku ya kustaafu meneja alimwuliza anataka zawadi gani, saa ya ukutani au seti ya vikombe. Kizibo akanyoosha kidole kwenye kona ya chumba kidogo cha chakula. Pale palikuwa na friji ya mvinyo, fupi, nyeusi, yenye mlango wa kioo, rafu za waya na taa ya buluu. Hoteli ilikwisha kuagiza kubwa zaidi.

"Ile," alisema.

Meneja alicheka akidhani ni mzaha. Jioni hiyohiyo friji iliingia mtaani ndani ya gari la dobi la hoteli, imesimamishwa katikati ya mashuka kama bibi harusi.

"Na hiki nacho ni nini?" mkewe aliuliza, mikono kiunoni.

"Friji."

"Friji tunayo."

"Hii ni ya mvinyo."

"Mvinyo gani, Baba? Mimi nakunywa chai. Wewe unaonja kijiko kimoja unasifia mpaka kesho. Sasa anayekunywa ni nani?"

Swali lilikuwa zuri. Kizibo alijishughulisha kutafuta mahali pa kuiweka. Sebuleni jua la alasiri lilipiga moja kwa moja. Jikoni kulikuwa na moto wa jiko. Kwenye ukumbi mwembamba wa katikati ya nyumba, mtu angelazimika kupita ubavu. Basi ikabaki kwenye chumba chao cha kulala, kati ya kabati la nguo na upande wa kitanda wa mkewe, aliyemwita Mama.

"Yaani uzee wangu wote huu nije kulala na friji," mama alisema, akavuta shuka.

Ndani yake Kizibo alipanga chupa za kawaida alizopewa na wenzake siku ya kuagwa, zote zimelazwa ili vizibo visikauke. Kwenye rafu ya juu kabisa aliilaza chupa moja peke yake. Hiyo alipewa na mgeni mmoja wa hoteli, bibi mzee aliyependa meza ya dirishani na aliyerudi kila msimu mpaka miguu ilipokataa safari. Mara ya mwisho alimwachia chupa hiyo, akamshika mkono na kumwambia, "Hii usimmiminie mtu. Kaa chini, unywe wewe."

Kizibo aliahidi. Lakini binti yao alipohitimu, aliona siku hiyo ni ya binti. Alipostaafu, aliona bado amechoka. Kila sherehe ilipita na chupa ikabaki imelala, naye akaitunza.

Na kutunza alijua. Kila Jumamosi asubuhi alifunga aproni yake nyeupe, akachomoa plagi, akatoa chupa moja moja na kuzilaza kitandani juu ya taulo. Aliosha rafu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Alipitisha kitambaa kwenye mpira wa mlango, mkunjo kwa mkunjo, kisha akabana kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta. Karatasi ikikataa kutoka, alitabasamu: mpira unashika, baridi haitoroki. Mama alikuwa akimwangalia kutoka kwenye cherehani yake iliyokuwa humo humo chumbani huku akitikisa kichwa. Kizibo alijiona mtaalamu wa friji nzima, kumbe hakuwahi hata siku moja kuiangalia mgongoni.

Msimu wa joto ulipochacha, binti yao alijifungua mtoto wa kwanza, na wazee wakafunga safari kwenda kumsaidia. Waliifunga nyumba, madirisha na mapazia. Waliporudi, mlango ulipofunguliwa joto liliwapokea kama mtu aliyekuwa akiwasubiri kwa hasira. Kizibo hakutua hata begi. Alikwenda moja kwa moja chumbani.

Taa ya buluu ilikuwa inawaka. Alipofungua mlango wa kioo, hewa iliyompiga usoni ilikuwa ya vuguvugu, na ilinukia chokoleti.

Akainama. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya chupa, kulikuwa na kitu cha kahawia kilichochuruzika kutoka kwenye karatasi za kung'aa, kikapita kati ya waya na kutulia juu ya lebo za mvinyo mwekundu.

"Mama!"

Mama alitokea mlangoni, akaona, akainua macho darini kana kwamba kuna kitu cha kusoma huko.

"Mama, hii ni nini?"

"Sijui. Labda ni mvinyo umeganda."

"Mvinyo wenye njugu ndani?"

Hapo akashindwa, akaangua kicheko mpaka akakaa kitandani. Alikiri yote. Tangu friji iingie chumbani alikuwa akificha chokoleti zake mle. Kwenye friji ya jikoni zilikuwa ngumu kama kigae, kabatini ziliyeyuka. Humu ndani zilikuwa sawasawa kabisa, laini za kukatika kwa meno. Ndiyo maana alivumilia kulala nayo.

Kizibo alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Isitoshe, roho yake ilikuwa kwenye rafu ya juu. Aliitoa chupa ya yule bibi na kuigeuza kwenye mwanga. Kizibo cha chupa kilikuwa kimesukumwa juu kidogo, na pembeni mwa shingo palikuwa na mstari mwembamba unaonata. Mvinyo ulikuwa umepata joto mpaka ukatafuta njia ya kutoka.

Alimtafuta fundi friji wa mtaani, ambaye watu walimwita Gesi, kwa kuwa kila friji aliyoletewa aliipima kwa kuipiga kofi, kisha akatoa hukumu: gesi imeisha. Gesi alikuja na mtungi wake begani. Akaigonga.

"Gesi imeisha."

"Hii nasikia haitumii gesi," Kizibo alisema kwa upole. "Inapozwa na kibamba fulani cha umeme."

"Mzee, kinachopoza ni gesi. Hata mimi ukiniona natembea ni gesi."

Alilala tumboni na tochi mdomoni, akatafuta bomba la kujazia. Akatafuta tena. Hakukuwa na bomba. Alinyanyuka, akajipangusa magoti na kusema kwa heshima zote, "Basi hii ni ya kutupa." Akabeba mtungi wake, akaenda zake.

Kizibo alijikaza kisabuni. Alijaza maji kwenye beseni kubwa la bafuni, akatumbukiza chupa humo na kuzifunika kwa taulo mbichi. Kila mara alikwenda kuzilowanisha upya. Mama alivumilia kwa muda, kisha akamwita.

"Baba, hata kuoga sasa mpaka niombe ruhusa kwa chupa. Ile moja ya juu, mbona umeiweka pembeni?"

"Ile imeharibika. Au inakaribia." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na jinsi alivyokaa, mabega chini, ilimfanya mama aache utani. "Aliniambia ninywe. Nikaifanya ya makumbusho. Sasa joto limeinywa kabla yangu."

"Umeionja?"

"Bado."

"Sasa unalilia nini? Ilete."

Kizibo alitandika kitambaa mezani, akapanga glasi, akafungua chupa bila kutoa sauti, kama alivyofundishwa. Halafu akasimama nyuma ya kiti cha mama, mkono mmoja mgongoni.

"Kaa," mama alisema.

"Nakumiminia kwanza."

"Nimesema kaa. Leo mhudumu ni mimi."

Akakaa. Mama aliikamata chupa shingoni kama anayekamata kuku, akamimina kama anavyomimina chai, kutoka juu, mpaka glasi ikajaa pomoni na tone likaruka kwenye kitambaa. Kizibo alifumba macho, meno yameumana. Alinyanyua glasi kwa mikono yote miwili ili isimwagike.

Alionja polepole. Kulikuwa na ladha ya matunda makavu yaliyochemshwa, na nyuma yake uchachu kidogo. Ulikuwa umeiva kupita kiasi, hilo hakujidanganya. Lakini chini kabisa, kabla ya kumeza, kulikuwa na kitu kingine, kizito na cha taratibu, na alikitambua bila kuweza kukipa jina. Akaonja tena kukitafuta. Alipokuja kuangalia, glasi ilikuwa nusu, na hakuwa amesimama hata mara moja.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Umepikwa kidogo na joto. Ungekuwa mzuri sana mwaka jana."

"Na leo?"

Kizibo alifikiri. "Leo unatosha."

Mama naye alijaribu. Alikunja uso wote, kisha ukakunjuka upande mmoja. "Kumbe ndiyo hii?" alisema. "Hii na chokoleti vinaendana." Akachukua kipande alichokigandisha upya kwenye friji ya jikoni, akanywa tena, na jioni hiyo waliongea kuhusu yule bibi wa dirishani, alivyopenda mkate ukatwe mwembamba na alivyomwuliza Kizibo habari za watoto wa wahudumu kwa majina. Mama alisikia habari nyingi ambazo mumewe hakuwahi kuzileta nyumbani. Kizibo alikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba mpaka akasahau kwamba ni mzigo.

Asubuhi, aliamshwa na sauti ya skrubu zikidondoka kwenye kisahani. Mama alikuwa ameigeuza friji ikatazama ukuta na kumwaga bisibisi zake za cherehani sakafuni.

"Unafanya nini?"

"Cherehani yangu ikigoma siitupi. Naifungua. Plagi nimechomoa, usiniangalie hivyo."

Kifuniko cha nyuma kilipotoka, wote wawili waliinama kutazama. Nyuma ya friji ile iliyong'arishwa mbele kila Jumamosi kulikuwa na blanketi la vumbi, nyuzi za vitambaa na nywele, vimejisokota kwenye mapezi ya chuma yanayotoa joto mpaka hakuna hewa ingeweza kupita. Katikati yake kifeni kidogo cheusi kilikuwa kimenyongwa na uzi mwekundu.

"Uzi huo wa nani?" Kizibo aliuliza kwa sauti laini sana.

"Wa zile sketi za kwaya nilizoshona," mama alisema. "Haya, tusiende huko. Lete brashi."

Walipiga brashi, walipuliza, walipiga chafya. Kifeni hakikuzunguka tena, kilikuwa kimeungua. Kizibo alikipeleka kwa kijana wa dukani anayetengeneza kompyuta, naye akamtolea kingine cha ukubwa uleule kwenye sanduku la makorokoro yake. Mama alikiunga waya kwa waya, akafunga kwa utepe, akakaza skrubu. Walichomeka. Kifeni kikavuma vizuri. Wakakaa wakisubiri baridi, wakapika, wakala, wakarudi. Friji ilikuwa ya moto kuliko mwanzo.

Kizibo alitaka kusema kwamba Gesi labda alisema kweli. Mama hakumpa nafasi. Aliung'ata uzi akakata kipande, akakishika mbele ya kifeni. Uzi ulitakiwa kukimbilia nje, kwa maana joto lilitakiwa kusukumwa nje. Badala yake ulivutwa ndani.

"Nimekivalisha kinyume," alisema. "Kama shati lililoshonwa kola chini."

Akakigeuza. Jua lilipoanza kulegea, kioo cha mlango kilishika ukungu mwembamba pembeni, na Kizibo alipotia mkono ndani alitoa mlio ambao mama hakuwa ameusikia tangu enzi za uchumba.

Tangu hapo kazi ziligawanywa. Kizibo ana mbele: kioo, rafu, mpira, karatasi yake. Mama ana nyuma: brashi, kifeni, na marufuku ya kushona karibu. Rafu ya chini imekuwa ya chokoleti rasmi, wala haifichwi. Chupa hazikai muda mrefu tena. Wenzake wa hoteli, mpishi na mama mmoja wa dobi, huja Jumapili, na kinachonunuliwa kinanywewa. Ukiingia wakati wowote utamkuta Kizibo amekaa, ingawa kitambaa bado kiko begani.

Mama aligundua pia kwamba friji haikuwa ikipata hewa kwa sababu ilibanwa na kabati la nguo. Kitu kimoja kilitakiwa kutoka chumbani, na kura zilipopigwa, mbili kwa sifuri, kilichotoka ni kabati. Sasa limesimama pale ukumbini, na wazee wanavalia nguo huko huko. Wageni wanaojua nyumba hiyo hupiga hodi kwa nguvu na kusubiri. Wasiojua hufungua mlango na kumkuta mzee wa heshima, mguu mmoja ndani ya suruali, akiwakaribisha kwa sauti ya hoteli kubwa na kuwaomba wageuke kidogo.