Kandambili Nyekundu za Waridi

Ilyasi alikuwa fundi wa mashine mtaani Buyenzi, na mikono yake ilinuka oili hata siku ya Idi. Kilichompeleka ziwani ni kompresa. Kikundi cha wazamiaji wa Kibenga kilimletea kompresa yao ya kujazia chupa za hewa, akaitengeneza, kisha akauliza hizo chupa wanakwenda nazo wapi.

"Tunatoa nyavu zilizopotea chini ya maji," alisema Ingrid, mama aliyeongoza kile kikundi. "Mvuvi anaweza kufa, lakini wavu wake hauachi kuvua. Unashika samaki, wanaoza, wengine wanakuja kuwala, nao wanashikwa."

Maneno hayo yalimwingia vibaya. Kaka yake, Mohamadi, alikuwa mvuvi. Jioni moja aliingia ziwani, dhoruba ikashuka, mtumbwi ukaokotwa umepinduka. Yeye hakuonekana, wala wavu wake.

Basi Ilyasi akajifunza kuzama. Mafundi wenzake wakamcheka. "Eh, Ilyasi! Umechoka kulala chini ya magari, sasa unalala chini ya samaki?" Naye akacheka nao. Hakuwaambia kwamba kila akishuka, macho yake yalikuwa yanatafuta.

Nyumbani alikuwapo Waridi, mke wa Mohamadi. Waridi hakukaa eda. Wanawake wa mtaa walimletea nguo nyeupe za eda, akawarudishia palepale mlangoni.

"Eda ya nani? Mi mume wangu iko kazini."

Kila jioni alipakua sahani ya Mohamadi, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka upande wa mlango. Asubuhi ilikutwa vilevile. Watoto wa nyumba walijizoeza kupita mbali nayo, wakijibana ukutani.

Mohamadi hakuwa mtu wa kununua maboya. Alikata kandambili za zamani za mkewe, nyekundu siku zote, akatunga vipande kwenye kamba ya juu ya wavu. Wavuvi wenzake walimtania kwamba samaki wake wote wamekanyagwa na Waridi. Kwa hiyo Ilyasi alipoona wekundu chini kule, kusini ambako milima inaingia majini, hakuwa na haja ya kuuliza.

Wavu ulisimama wima kati ya mawe, kama umetegwa jana. Ulikuwa unapumua polepole, unakwenda na kurudi. Mifupa ya samaki ilikuwa imenasa, na samaki walio hai pia. Alikata nyuzi akawaachia wawili watatu. Kisha akashika kamba ya juu, na kamba ikavuta. Ikavuta tena. Ndivyo Mohamadi alivyokuwa akimpa ishara, zamani wakivua pamoja: mivuto miwili, maana yake nisaidie. Ilyasi akaiachia kamba, akapanda juu.

"Ni wavu wa kaka yangu," alimwambia Ingrid. "Ngoja niseme kwanza nyumbani."

"Pole sana, Ilyasi. Nitangoja. Ila ujue, tukiendelea kungoja, wavu wenyewe unaendelea kula."

Waridi alikuwa anachambua mchele alipomwambia.

"Kandambili zangu?"

"Zako, shemeji."

"Na wavu umesimama?"

"Umesimama."

"Unashika samaki?"

Ilyasi akaitikia kwa kichwa. Waridi akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. "Si nilisema? Iko kazini! Usiguse wavu wa mutu, Ilyasi. Ukiukata, we ndiye utakuwa umemuua."

Basi hakuugusa. Lakini alirudi kuutazama, na siku hiyo akakuta jambo ambalo halikumtoka tena machoni.

Katika ziwa lile kuna samaki wadogo ambao mama anatunza watoto wake kinywani. Hatari ikija anafungua kinywa, wanakimbilia ndani. Mmoja alikuwa amenaswa shingoni, amekufa, kinywa kimefungwa. Watoto wake, wadogo kama punje, walizunguka midomo yake. Waligonga, wakarudi nyuma, wakagonga tena. Ilyasi alipunga mkono kuwafukuza. Wakatawanyika, halafu wakarudi.

Jioni alimweleza Waridi, hakuongeza neno wala kupunguza.

"Wanagonga?" Waridi aliuliza.

"Wanagonga. Wanangoja awafungulie."

Waridi alikuwa ameshika sahani ya Mohamadi, tayari imefunikwa. Alisimama nayo muda mrefu, hakuiweka.

"Apana," alisema, na haikujulikana anamkataza nani. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nitakwenda na nyinyi."

Akaenda. Alikaa ndani ya boti la wazamiaji na kitenge chake cha maua makubwa, mikono mapajani. Ilyasi na Ingrid wakashuka. Wavu wa namna hiyo hauvutwi kwa nguvu, maana unabomoa mawe ambamo samaki wanakaa. Kwanza waliwatoa walio hai, mmoja mmoja. Wakakata palipong'ang'ania, wakafunga mifuko kwenye wavu, wakaijaza hewa ili iuinue. Ilyasi alishika kamba ya juu mara ya mwisho. Ikavuta mara mbili. Akakata.

Kandambili ndizo zilizotangulia kufika juu. Ziliibuka mojamoja, nyayo zikitazama mbinguni, kama watu wengi wanatembea kichwa chini ndani ya ziwa. Waridi hakupiga kelele. Alitazama pale zilipotokea, akangoja kama kuna kitu kingine kinafuata.

Hakikufuata kitu. Maji yakatulia.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka maneno hayo ya msiba kwa ajili ya Mohamadi.

Jioni hiyo alipakua kama kawaida. Akaishika ile sahani, akaifunua, akaisukuma mbele ya Ilyasi. "Kula, shemeji. Isipoe."

Akaingia chumbani kuvaa nguo nyeupe. Ilyasi akanawa, lakini harufu ya wavu haikutoka vidoleni. Alikula chakula cha kaka yake mpaka kikaisha, na hakuthubutu kuinua macho kutazama upande wa mlango.